Tulivyoitibu Bunduki Kigugumizi

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia ghala la silaha la Mabawa na fagio mkononi. Nilikuwa nimeajiriwa kufagia, basi. Shule niliiachia darasa la nne, mume alikuwa ameniacha na mtoto mgongoni, na kikosi cha askari wa wanyamapori kilitaka mtu wa kusafisha. Nilipofungua mlango harufu ya mafuta ya nazi ikanipiga usoni. Nikadhani nimekosea njia, nimeingia jikoni kwenye harusi.

Kumbe ndani kuna mtu kapiga magoti sakafuni, anapapasa. Alikuwa Mkuu wa Ghala, Mpemba mwembamba, kofia ya kiua kichwani juu ya sare ya kazi.

"Usikanyage!" akanipigia kelele. "Springi yangu imeruka."

Nikasimama palepale, nikaangalia. "Shikamoo. Hiyo hapo, kwenye pindo la suruali yako."

Akaitoa, akaitazama, akanitazama mimi. "Marahaba. Fagio hilo liweke pembeni. Njoo ukae hapa."

Hivyo ndivyo nilivyoingia ufundi wa silaha. Vyeti vyangu vilikuwa macho yangu mawili, na Mungu hakuninyima.

Yule mzee ndiye mwalimu wangu, na nitamsifu mpaka nizikwe. Alinifundisha magazini kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Magazini ni kile kisanduku kinachobeba risasi. Ndani chini mna springi inayozisukuma zipande, na juu mna kingo mbili za bati zilizokunjwa, sisi tukiziita midomo, zinazoishika risasi mpaka zamu yake ifike. Springi ikichoka, risasi haipandi. Midomo ikipinda, risasi hutoka imelala upande. Kisanduku kikicheza kwenye nafasi yake, risasi hufika lakini haioni mlango. Mengine yote ya bunduki, alikuwa akisema, ni mapambo.

Na mafuta ya nazi yalikuwa sheria yake. "Chuma cha pwani, mwanangu, ni kama ntu wa homa. Hewa hii ya chumvi, ukimwacha siku mbili bila mafuta, keshakufa." Basi tulipaka kila kitu, nje na ndani. Bunduki za wakati ule zilikuwa ndefu, za kuvuta kitasa kwa mkono kila risasi, na hazikututia aibu hata mara moja.

Nilipokwisha kuiva nikapelekwa Maramba, kule chini ya milima. Msimamizi wa karakana kule alikuwa Mbondei mwenye tumbo na maneno. Aliniona nashuka na sanduku langu la vyuma, akacheka mpaka akashika nguzo.

"Mwanamke na bunduki! Sasa nani atapika?"

"Atakayeona njaa kwanza," nikamjibu.

Alipika yeye. Tena bada lake, ule ugali wa muhogo, lilikuwa zuri, laini kuliko la dada zangu. Tukawa marafiki. Kwake nilijifunza desturi ambayo sikuiacha tena: bunduki ikitoka kutengenezwa, fundi huipiga kwanza, askari baadaye. Huwezi kumpa mwenzio chuma ambacho wewe mwenyewe unakiogopa. Bega langu la kulia lilikuwa la zambarau mwaka mzima, na nikijifunga khanga nililiacha wazi makusudi, walionizomea waone.

Sasa nije kwenye bunduki fupi, maana vijana ndizo mnazoniuliza kila mkinikuta barazani.

Zilikuja wakati nimerudi Mabawa na mwanangu Zuhura, yule wa mgongoni, keshakuwa askari. Alipangiwa kituo cha Mwera, upande wa Pangani, kuzuia nyati na tembo wasimalize mahindi ya watu. Bunduki hizi mpya zilikuwa za namna ambayo hatujawahi kuiona: kifyatulio kiko mbele, magazini inaingia nyuma yake, karibu na kwapa. Hivyo bunduki inakuwa fupi bila mtutu kupungua. Kwenye kichaka ni nzuri, hainasi miti. Na hujilisha yenyewe, huvuti kitasa kila mara. Tuliipaka mafuta yetu, tukaijaribu pale Mabawa jua la utosini, ikaimba. Tukazipeleka vituoni tukijisifu.

Haukupita muda Zuhura akanipigia simu. Hakusalimu, mtoto niliyemlea kwa adabu.

"Mama, bunduki yenu imeniambia kwa-kwa-kwa, na nyati hakungoja imalize sentensi."

Nikakaa chini. "Uko wapi? Umeumia?"

"Niko kituoni. Nimeteguka mguu. Nilipanda mwembe na buti zangu, mama, na ule mwembe una upupu pembeni. Najikuna tu hapa."

Alicheka. Mimi sikucheka. Askari wa Mwera walikuwa wamekwisha kuipa jina bunduki ile: Kigugumizi. Baada ya mkasa wa Zuhura wakakataa kutoka doria. Kamanda wa Kituo akatuma neno Mabawa, kali na fupi: mahindi yanakaribia kukomaa, ama zile bunduki ziponywe, ama anaziweka chini na kutoa watu wake wote, na wakulima wajilinde kwa kupiga madebe. Zuhura yeye akasema watu wakitoka wasitoke, yeye atarudi shambani na Kigugumizi chake hivyohivyo, kwa sababu ameshawaahidi wakinamama wa shamba la chini. Ninamjua. Ukaidi ule kautoa kwangu.

Basi tukaenda Mwera watu watatu: mimi, Mkuu wa Ghala ambaye alikuwa karibu kustaafu, na Mkaguzi wa Silaha kutoka makao makuu, bwana aliyesoma hasa. Simcheki, bila kipimo chake tungekuwa tunapapasa mpaka leo.

Mkaguzi ndiye aliyegundua kwanza kwamba magazini zimechanganyika. Zililetwa pamoja na bunduki zake kwa mafungu mawili, na la pili visanduku vyake vilikuwa vyembamba kidogo, unene wa ukucha. Kwa jicho huoni. Ukiichomeka kwenye bunduki isiyo yake, inacheza kama jino la mtoto. Na askari, ili isicheze, walikuwa wameizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Ikatulia kwa nje, lakini mpira unaisukuma kichwa chini, na risasi inagonga ukuta badala ya kuingia chemba, yaani ile nafasi inamolipukia.

"Tufanyeje?" Kamanda akauliza.

"Tuzioze," nikasema. "Kila bunduki na magazini zake, na hakuna kutembea nje ya ndoa."

Askari wakaangua kicheko, lakini kazi ikafanyika. Tukakaa ukumbini asubuhi hadi alasiri. Mkaguzi anapima, mimi nachomeka na kusikiliza. Magazini ikifika mahali pake husema *tak*, kavu, sauti moja. Ikisema mbili, haijafika. Zile zilizokubaliana tukazipaka rangi moja na bunduki yake. Zilizokataa kila mume tukazitupa kwenye gunia. Zenye springi chovu Mkaguzi akazitia mpya. Tukawafundisha askari kuichomeka bila kuitazama, kwa sababu iko kwapani huioni: gonga kwa kiganja, kisha ivute chini, ikitoka, haikuingia.

Alasiri ile nikapiga mimi kwanza. Ikaimba. Wakapiga wengine, zikaimba. Mkuu wa Ghala akazipaka mafuta yake upya kwa mkono wake, tukala, tukalala tumeshiba sifa.

Asubuhi, mbele ya kikosi kizima kimejipanga, Kamanda akaomba tuoneshe tena. Nikachukua bunduki, nikavuta. Ya kwanza ikatoka. Ya pili, kwa-kwa. Nikachukua nyingine. Kwa-kwa.

Jamani, ile aibu! Askari mmoja akasema kwa sauti, "Ndoa imevunjika kabla ya fungate." Kamanda akageuka, akaanza kuwaambia vijana wake wafunge mizigo. Zuhura akaja akichechemea mpaka kwangu, akaninyang'anya bunduki.

"Ya kwangu naichukua. Wanawake wa shamba la chini wananingoja."

"Hutoki nayo."

"Mama, mimi ni askari."

"Na mimi ndiye niliyekuzaa, na chuma hiki nakijua kuliko wewe. Kaa, nikusuke hizo nywele, zimekuwa kama kiota. Ukimaliza kusukwa utakwenda kufa ukiwa nadhifu."

Nilitaka kumchelewesha tu, sikuwa na hila nyingine. Akakaa kwa hasira mlangoni pa jiko. Akanipa chupa yake ya mafuta ya nazi. Nikaiinamisha juu ya kiganja, hayakutoka. Nikaitikisa. Yalikuwa yameganda, meupe kama samli. Ulikuwa msimu wa kusi, asubuhi za baridi.

"Yaweke kwapani kidogo, mama," Zuhura akasema. "Asubuhi huwa yamelala. Jua likipanda yanaamka."

Nikaacha nywele nusu zimesukwa.

Mnaona? Mabawa tulikuwa tunajaribu mchana. Alasiri ya jana kulikuwa na jua. Nyati alimkuta Zuhura alfajiri. Zile bunduki ndefu za zamani mkono wa mtu ndio uliosukuma risasi, hata mafuta yakiganda mkono unashinda. Hizi springi ndiyo inayosukuma, na springi ilikuwa imezikwa ndani ya samli iliyonata na mchanga wa Mwera.

Sasa nitamwambiaje yule mzee? Mwalimu wangu! Kwetu humkosoi aliyekufundisha mbele za watu. Lakini watu walikuwa wanafunga mizigo, na mwanangu alikuwa anafunga buti. Nikamfuata alipokuwa amekaa peke yake, nikampa chupa.

"Mwalimu, nimiminie."

Akaiinamisha. Akangoja. Akaipiga kitako. Akanitazama, nikaona ameelewa kabla sijafungua mdomo.

"Mafuta haya," akasema polepole, "alin'fundisha baba yangu."

"Ndiyo, na hakuna bunduki ndefu iliyokufa mkononi mwako. Lakini hizi fupi zinaugua baridi."

Nilidhani ataondoka. Akasimama, akavua kofia, akaivaa tena vizuri, akatoka uwanjani akapaza sauti ambayo sijapata kuisikia kwake: "Hakuna ntu kuondoka! Magazini zote mezani! Nilikosea mimi, na nitazifuta mimi!"

Akafuta, naam. Tukamzunguka sote, hata Kamanda na Mkaguzi, tukaosha kila kisanduku kwa mafuta ya taa, tukavikausha ndani visiwe na tone, nje tukapangusa mafuta mepesi ya bunduki ambayo Mkaguzi alikuwa nayo. Mzee alikuwa anasugua huku anawatania askari: "Haya, wapeni wake zenu hayo ya nazi wapikie wali. Bunduki haili wali."

Alfajiri iliyofuata palikuwa baridi, umande unadondoka kwenye mabati. Nikasimama uwanjani. Nikapiga magazini nzima bila kupumua. Haikukwama. Nikabadilisha bunduki, nikapiga, haikukwama. Kisha akapiga Mkuu wa Ghala, akapiga Zuhura na nywele zake nusu, wakapiga wote. Zile kelele za furaha! Mke wa Kamanda akatoka jikoni na mwiko akapiga vigelegele ambavyo nadhani nyati walivisikia wakahama wilaya. Yule askari wa fungate nikamwita mbele za watu.

"Haya, sema. Ndoa vipi?"

"Ina mimba, Bibi."

Mizigo ikafunguliwa. Asubuhi hiyohiyo Zuhura akatoka na wenzake kwenda shamba la chini, akichechemea, na mimi nikabaki kituoni nasikiliza. Nikasikia milio ya juu ya kutishia, mfululizo, safi, moja haikungoja nyingine. Kisha kimya. Kisha wanawake wanaimba. Mwaka ule Mwera walivuna mahindi mpaka wakatuletea Mabawa, na kanuni ya magazini kavu na ndoa za rangi ikapelekwa vituo vyote vya pwani. Mzee wangu alistaafu muda si mrefu baadaye. Ndiye aliyenipendekeza nikalie kiti chake, na nikakikalia, mwanamke wa darasa la nne, Mkuu wa Ghala.

Nami sasa nimestaafu. Nina wajukuu, nina baraza, nina bega linaloniambia mvua kabla ya redio. Mnaoingia kazi hii nawaambieni: usijaribu kitu saa inayokupendeza wewe, kijaribu saa atakayokihitaji mwenye kukitumia. Na mwalimu wako akikosea mwambie, kwa heshima, lakini mwambie leo.

Zuhura bado yuko Mwera, sasa ni sajini. Juzi alfajiri simu ikalia. Moyo ukaruka, kama kawaida ya mama. Kumbe analalamika maharage ya kituoni yana mchanga, na mpishi hasikii. Akalalamika wee, nikamsikiliza mpaka mwisho, nikasema alhamdulillahi, nikageuka upande wa pili nikalala.