Aliyeomba Fyuzi ya Korido

Ukimaliza kusoma unaweza kusema nilikuwa nimelewa, lakini sijawahi kuonja pombe, hata ile ya mtama ambayo Ugogo kila mtu huionja. Unaweza kusema nilisinzia. Haya yalinikuta mchana, saa nane, nimeshiba ugali na mlenda, nimesimama juu ya ngazi na msasa mkononi. Nani husinzia juu ya ngazi? Nitakueleza kama yalivyokuwa, na pale nisipojua nitasema sijui.

Shule niliiacha darasa la tano. Sikushindwa masomo, nilitaka tu kujua barabara inayopita mbele ya darasa letu inaishia wapi. Nikaifuata. Nimevua samaki Mtera, nimeogesha ng'ombe kwenye josho Mpwapwa, nimepakia chumvi kwenye mabehewa. Huko Mpwapwa ndiko nilikokutana na Mzee Ndahani, fundi umeme, nikambebea ngazi miaka miwili kwa sababu nilitaka kujua moto unapitaje ndani ya waya bila kuonekana.

Mzee Ndahani alikuwa mtu wa maneno machache, na moja alilirudia mpaka likanichosha. Kabla hujagusa taa, chomoa fyuzi yake kwenye ubao wa umeme, itie mfukoni, na usimpe mtu mpaka umemaliza. Swichi ya ukutani si ya kuamini, alisema, maana wako mafundi wa haraka walioifunga kwenye waya usio na moto. Taa inazimika lakini moto unabaki palepale juu unakusubiri.

"Usimpe mtu," alisema. "Hata mimi. Hata nikija nalia."

Nilicheka. Nilikuwa kijana.

Nikafika Dodoma mjini miaka ile mali za umma zilipokuwa zinauzwa. Mama mmoja, Mama Edina, aliyeanza kwa kuuza mitumba sokoni, alikuwa amenunua nyumba ya wageni iliyokaa bila kutunzwa miaka mingi. Alitaka ifunguliwe kabla kikao cha Bunge hakijaanza, maana ndipo vyumba vinapogombewa. Kuta zilishapakwa, vitanda vimefika. Kilichobaki ni korido.

Korido ile ilikuwa ndefu, haina dirisha hata moja, vyumba huku na huku. Darini kulikuwa na taa kumi na nne za kuzama. Usifikirie balbu inayoning'inia. Hizi zilikuwa makopo ya bati yaliyopachikwa ndani ya matundu ya dari, balbu imejificha mle kama mtu ndani ya pipa. Makopo yalikuwa yameota kutu na kuungua weusi, kwa hiyo hata taa ikiwashwa mwanga ulimezwa mlemle ndani, na mgeni alitafuta namba ya chumba chake kwa kupapasa. Mama Edina alitaka makopo yapakwe rangi nyeupe kwa ndani, mwanga ushuke chini.

Kazi ndogo, sivyo? Basi jiulize kwa nini hakuna fundi aliyeitaka.

Mpishi, dada mmoja wa Kigogo aliyeitwa Mboni, alinieleza siku ya kwanza huku akichambua mchele. Kabla yangu alikuwepo Fundi Yona, mtu wa Buigiri, mpole, Mkristo wa kwaya. Alianguka kutoka kwenye ngazi, umeme umemrusha, bega limevunjika na vidole viwili vimekauka. Alipozinduka alisema Mama Edina mwenyewe alimwomba fyuzi, akampa, na dakika chache baadaye moto ukaja. Mama Edina akaapa kwamba siku hiyo hakukanyaga pale. Watu wakaamini Mama. Yona akaitwa mzembe, kisha mwongo, kisha mlevi, na tangu hapo hakuna aliyempa hata soketi ya kufunga. Akarudi kijijini kulima. Mafundi wengine waliotajiwa korido ile walikumbuka ghafla kwamba wana safari.

"Na wewe ukikumbuka safari, sema mapema," Mboni aliniambia. "Nisikupikie bure."

Nikamwambia mimi safari zangu nimeshazimaliza. Ukweli ni kwamba nilibaki kwa udadisi. Nilitaka kujua mtu anawezaje kuomba fyuzi mahali ambapo hayupo.

Sasa sikiliza jambo hili, maana hapa ndipo wengi tulipokuwa tunakosea. Ilikuwa miaka ya mgao wa umeme. Mimi nilikuwa nimeuona mwenyewe udongo wa bwawa la Mtera ukipasuka pale tulipokuwa tukitupa nyavu, kwa hiyo nilijua mgao si mzaha. Umeme ulikatwa asubuhi ukarudi jioni, na mafundi wa mji mzima walikuwa wameuzoea mgao kama mlinzi wao. Unachomoa fyuzi ya nini wakati umeme wenyewe haupo? Watu walishika nyaya kwa mikono mitupu mchana kutwa. Mimi nilichomoa. Nilikwenda kwenye ubao jikoni, nikavuta fyuzi ya korido, ile ya kauri nyeupe, nikaitia mfuko wa shati na kufunga kifungo. Mboni akanicheka, akasema naogopa hata maiti.

Nikaanza. Nilifunga tochi kwenye ngazi imulike juu. Ninafungua pete ya taa, natoa balbu, nagusa shaba za holda inayoshika balbu kwa testa, ile bisibisi ya kupimia moto, kuhakikisha. Kisha naviringishia holda na nyaya karatasi ya gundi, maana rangi ikiingia mle ni balaa la kesho. Nakwangua kutu kwa brashi ya waya na msasa, napangusa kwa kitambaa kikavu, halafu napaka rangi ya kuhimili joto, ile ya mabomba ya moshi, mara mbili, nyembamba, bila kuziba vitundu vya juu ambako joto linatokea. Chini nilitandaza magazeti. Vumbi la kutu lilishuka kama unga wa mtama mwekundu. Hadi mchana nywele zangu, nyusi zangu na mabega vyote vilikuwa rangi moja.

Nikiwa kopo la tatu, nikasikia hatua. Mama Edina alikuwa amesimama chini ya ngazi, kitambaa cheupe kichwani, mkoba kwapani.

Nikamwamkia, shikamoo mama. Hakuitikia, nikadhani ana mawazo ya wageni wake. Akasema kazi inaendelea vizuri, kisha akaniomba fyuzi. Akasema umeme haupo mpaka jioni, anataka kuirudisha kwenye ubao ili nisije nikaipoteza. Maneno ya busara kabisa. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kifungo cha mfuko, naomba uniamini, ndipo nikamsikia Mzee Ndahani akilini na lile neno lake la kuchosha. Nikamwambia mama asiwe na wasiwasi, nitairudisha mwenyewe.

Alinitazama muda mrefu. Niliona aibu, nikageukia kopo, nikaendelea kukwangua. Nilipotazama tena alikuwa anaondoka, na nikashangaa jinsi kitambaa chake kilivyobaki cheupe. Nilikuwa nimemmwagia kutu kichwani dakika nzima. Nikasema moyoni, mama huyu ana bahati.

Wakati wa chakula nikamwomba Mboni aniombee radhi kwa Mama Edina, kwamba sikukusudia kumkatalia. Mboni akaweka upawa chini. Akaniuliza nimemwona wapi Mama, wakati alipanda basi la Morogoro alfajiri kufuata mapazia na harudi mpaka kesho kutwa.

Sikumaliza ule ugali. Mboni akashauri niondoke. Akasema kazi zipo nyingi na roho ni moja. Alikuwa na haki. Lakini nilikaa pale kwenye kigoda nikimfikiria Yona, mtu wa kwaya, akiitwa mlevi kwa kusema alichokiona. Kama ningeondoka, ningekuwa fundi mwingine aliyekumbuka safari, na Yona angebaki mwongo mpaka kufa. Nikarudi kwenye ngazi.

Siku hiyo hakuja tena mtu. Nikamaliza makopo saba.

Kesho yake nilichomoa fyuzi tena, nikafunga kifungo, na safari hii nikakishona kwa uzi. Nilifanya kazi nikitazama chini zaidi kuliko juu. Nane, tisa, kumi. Hakuna kitu. Saa nane hivi nilikuwa kopo la mwisho, kule mwisho wa korido kwenye giza zaidi. Nilikuwa nimebandua karatasi ya gundi kwenye holda ili niibandike upya, vidole vyangu viko ndani kabisa, kwenye shaba.

"Mwanangu, umekuwa fundi."

Nikatazama chini. Mzee Ndahani. Koti lake lilelile lenye mfuko uliochanika, kofia yake ya sufu, jicho lake la kushoto dogo kuliko la kulia. Nilikuwa sijamwona miaka mitatu. Akasema amesikia nipo Dodoma, amekuja kuniona, anaumwa, hana siku nyingi. Akasema anajivunia mikono yangu. Mzee huyu hakuwahi kunisifu hata siku moja, na maneno hayo nilikuwa nimeyasubiri tangu Mpwapwa.

"Shuka tuagane," akasema. "Nipe hiyo fyuzi nikurudishie. Umeme haupo leo, unamwogopa nani?"

Machozi yalikuwa yanamtoka. Nilikuwa naanza kushuka ngazi, mguu mmoja umeshagusa kipandio cha chini yake, mkono mmoja bado uko ndani ya kopo. Sasa niambie, wewe ungefanya nini? Mimi nilifanya jambo la kijinga tu. Niliinua msasa, nikakwangua kopo kwa nguvu juu ya kichwa chake.

Kutu ikashuka. Niliiona katika mwanga wa tochi, nyekundu, nyingi, ikimwangukia kofia na mabega, na kofia haikubadilika rangi. Nikatazama miguuni pake. Juu ya gazeti, pale viatu vyake viliposimama, vumbi lilitanda sawasawa kama mahali ambapo hapana mtu.

Hofu ikaniishia. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu sasa nilikuwa nimejua nilichotaka kujua.

"Mzee," nikamwambia, "ni wewe uliyenifundisha nisikupe. Hata ukija unalia."

Akaacha kulia. Uso haukukasirika, ulitulia tu, ukawa kama ukuta. Na wakati uleule jikoni redio ikalipuka kwa muziki wa dansi na friji ikaanza kunguruma. Umeme ulikuwa umerudi, saa nne nzima kabla ya wakati wake. Vidole vyangu viwili vilikuwa bado kwenye shaba ya holda. Havikuhisi kitu. Fyuzi ilikuwa kifuani kwangu, imeshonewa.

Yule aliyekuwa chini ya ngazi aliangalia vidole vyangu, akaangalia mfuko wangu, kisha akarudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka kwenye ukuta wa mwisho wa korido, usio na mlango, akapotelea gizani. Hakurudi kutoka huko.

Je, nilikimbia? Niliviringisha karatasi upya kwenye holda, nikapangusa kopo, nikapaka rangi mara ya kwanza, nikasubiri ikauke, nikapaka mara ya pili. Nilikuwa naimba. Mboni alikuja mlangoni akidhani nimerukwa na akili.

Jioni ya siku ya tatu rangi ilikuwa imekauka kabisa. Mama Edina, yule wa kweli, alisimama mlangoni na mapazia yake ya Morogoro. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Nikamweleza kila kitu, mbele ya Mboni. Nikafunga balbu ndogo, maana zile kubwa ndizo zilizounguza makopo mwanzo, nikakata uzi wa mfuko, nikairudisha fyuzi mwenyewe na kubonyeza swichi.

Taa kumi na nne ziliwaka pamoja. Mwanga ulishuka mpaka sakafuni, ukafika kila pembe, na mwisho wa korido, pale palipokuwa na giza miaka yote, palikuwa na ukuta wa kawaida wenye ufa mdogo. Mboni alipiga kigelegele. Mama Edina alitembea korido yote kwenda na kurudi, akapapasa ule ukuta kwa kiganja, kisha akaniuliza nauli ya kwenda Buigiri ni kiasi gani.

Tulikwenda wote. Tulimkuta Yona anapalilia mtama kwa mkono mmoja, majirani zake wawili wako shamba la pili. Mama Edina alisema kwa sauti ya kusikika na majirani: "Yona, ulisema kweli. Nisamehe." Yona aliegemea jembe. Kitu pekee alichoniuliza ni kama kitambaa cha kichwani cha yule mama kilishika vumbi. Nilipomwambia hapana, alikaa chini katikati ya mtama akacheka mpaka akashikilia bega lake bovu. Mwezi uliofuata alikuwa fundi mkuu wa nyumba ile, na mimi nikawa mkono wake wa pili mpaka barabara iliponiita tena.

Mzee Ndahani nilimfuata Mpwapwa. Alikuwa mzima, hajaumwa hata mafua. Nilipomsimulia hakunisifu. Aliniuliza kama kwenye vile vitundu vya joto rangi haikuingia.

Hadi leo natembea na fyuzi mfukoni kila nifanyapo kazi, na mke wangu akija na chai husimama chini ya ngazi bila kuambiwa, ananiacha kwanza nikwangue kidogo juu ya kichwa chake. Hulalamika nywele zinachafuka. Mimi hufurahi zikichafuka.

Na wewe unayesoma, kama una taa za namna ile na unataka kuzipaka, zipake, hazina ubaya. Lakini usiamini swichi, usiamini mgao. Chomoa fyuzi, iweke mwilini mwako. Akija mtu kuiomba, hata awe aliyekuzaa, mwangalie kichwani kwanza.