Vigimbi kwenye ngazi ya ofisi

Tulikuwa kwenye foleni ya vitambulisho huko Chake. Kijana mmoja akasimama kwenye ukingo wa ngazi, akawa ananyanyua visigino na kuvishusha.

“Mwanangu, huko juu wachungulia nini?” akauliza bibi mmoja wa Wawi.

“Natafuta vigimbi, bibi. Nikicheza mpira soksi zaporomoka, wenzangu waniita Kitwitwi, yule ndege wa pwani mwenye miguu ya vijiti. Ijumaa siingii tena uwanjani.”

Rafiki yake akadakia: “Mie namwambia anyanyue mara kumi na tano, na uzito mkononi. Yeye ashikilia thelathini, mikono mitupu.”

“Sie kwenye mikarafuu hatukuwa na kumi na tano wala thelathini,” akasema bibi. “Wasimama kwa vidole mpaka tawi liishe. Hebu endelea, usihesabu.”

Akaendelea. Nikawakumbuka wanafunzi wangu, enzi shule ikifungwa msimu wa karafuu ili wakachume. Walirudi vidole vimepiga weusi na vigimbi vimekaza, hesabu wamezisahau zote. Nikiwaanzisha upya kwenye moja, nikiwahurumia.

Miguu ya kijana ikaanza kutetemeka. Akashika ukuta, akajilazimisha mara tatu zaidi, akakaa chini akihema.

“Basi, hiyo ndiyo yako ya leo,” akasema bibi. “Na Ijumaa uingie, soksi zishuke zitakavyo.”

Kijana akacheka. “Haya, n’taingia. Lakini nimenyanyua mara ngapi?”

Tukatazamana foleni nzima. Hakuna aliyejua, hata mimi niliyefundisha hesabu maisha yangu yote.