Kopi Sita za Kuponi ya Pampasi

"Mwizi wa magazeti huyo," alisema Rhonda, ameegemea uzio wa waya. "Mume wangu kamkuta kwa macho yake Jumatatu alfajiri, kichwa chote kimezama ndani ya pipa la karatasi la kanisa. Mama mzima. Na wewe usiache gazeti lako barazani."

Kayleen alikuwa anaanua nguo za mtoto. Aliendelea na kazi yake. Alimjua Rhonda, ukimpa neno moja, kufika jioni mtaa mzima wameshalipata likiwa kumi. Juu ya huyo aliyesemwa, Bi. Bernadette Hruska, yeye alijua machache tu: mjane wa nyumba ya tatu, mwenye mkasi mdogo unaoning'inia shingoni kwa kamba kama wengine wanavyoning'iniza miwani. Mwanawe Maisie alipozaliwa, mama huyo aliacha boksi la sabuni ya kufulia mlangoni kwao, akaenda zake bila kupiga kengele.

Mwezi huo kiwanda cha vioo kilimpunguzia Curt, mume wa Kayleen, zamu zake kutoka siku tano hadi mbili. Kayleen akaanza kumchelewesha mtoto na pampasi moja, nusu saa, kisha saa nzima, mpaka siku aliyoona wekundu mapajani mwa Maisie. Siku hiyo alimbeba mtoto wake akaenda kugonga nyumba ya tatu.

Bi. Hruska hakumuuliza ana shida gani. Alimtazama mtoto, akaepua sufuria ya kabichi na tambi, akasema, "Kaa. Mkasi unajua kushika?"

Tangu hapo kila Jumapili baada ya misa walikaa mezani wakikata kuponi, vile vipande vya kupunguziwa bei dukani vinavyokuja ndani ya magazeti. Ni kweli magazeti yalitoka kwenye pipa la kanisa, ila padri mwenyewe ndiye aliyemruhusu kuyachukua. Bi. Hruska alianza kazi hii mwaka wa mgomo wa kiwanda, ana watoto wanne na mume anayeshinda getini na bango.

"Kosa la kila mgeni ni kukimbia dukani siku ileile aliyokata," alisema. "Ikalie kwanza. Subiri mpaka duka lenyewe lishushe bei ya kitu hichohicho, ndipo uitoe. Na Jumatano, dukani kwa Marchetti, kuponi moja inahesabiwa mara mbili."

"Nikikuta rafu imejaa, nachukua zote?"

"Uchukue zote, halafu mwenzako mwenye mtoto afanyeje, mpenzi? Chukua zako, ondoka."

Chumba cha chini cha nyumba yake kilijaa rafu za pampasi, sabuni na dawa za meno. Hakuvitumia yeye. Kila Ijumaa alivipeleka ukumbi wa kanisa, zikaja familia kumi na mbili kuchukua. Hakuwahi kulisema hilo kwa mtu. Kayleen aliligundua siku alipomsaidia kupakia gari.

Kuponi nyingine zilichapwa kwenye kompyuta. "Nenda maktaba," Bi. Hruska alimwambia. "Unachapa mara mbili, ya tatu inakataa." Wiki hiyo ilitoka nzuri, punguzo la dola tatu kwa boksi la pampasi. Kayleen alichapa mbili, ya tatu ikakataa kweli. Lakini pembeni palikuwa na mashine ya kutolea kopi, senti kumi kwa karatasi. Akaitolea kopi sita kuponi moja, wala moyo haukumdunda; ndivyo alivyokuwa akitoa kopi za mapishi na za ratiba ya kliniki. Nne akajiwekea. Mbili, kwa kushukuru, alizichomeka kwenye faili la kuponi la Bi. Hruska, mwenyewe alipokuwa jikoni anachemsha kahawa. Alitaka azikute afurahi.

Jumatano wakaenda pamoja kwa Marchetti. Bi. Hruska alitangulia kwenye kaunta na maboksi manne ya pampasi.

"Umekuja kutufilisi tena?" Trina, keshia, alimtania.

"Si taa nimewaachia?"

Kuponi mbili zikapita. Ya tatu mashine ikashindwa kuisoma, ikalia. Trina akaijaribu tena, ikalia tena. Akaiinua pamoja na ya nne, akazilinganisha namba za pembeni, na tabasamu likamfutika usoni.

"Bi. Hruska, namba zinafanana. Kila kuponi huwa na namba yake."

Akaitwa meneja, Dale, aliyesoma darasa moja na kitinda mimba wa Bi. Hruska. Alizungumza kwa sauti ya chini, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mama Hruska, hizi ni kopi. Mwezi uliopita kampuni ya pampasi iligoma kuturudishia hela za rundo zima la kuponi za namna hii. Nimeagizwa: nikimpata mwenye kopi, naandika jina lake, na kuponi zake hazipokelewi tena hapa."

"Dale, mimi nanunua hapa tangu wewe mwenyewe unavaa pampasi."

"Najua, mama. Ndiyo maana naona haya."

Nyuma kwenye foleni mtu akasema, bila kujificha, "Si ndio haohao wanaotumalizia rafu."

Kayleen alikuwa amesimama nyuma ya Bi. Hruska tu, ameshika toroli. Maisie alikuwa anatafuna mkanda wa kiti. Sasa alielewa kila kitu. "Ni mimi" ni maneno mawili tu, yalikuwa tayari mdomoni. Lakini jina litaandikwa, kuponi zitakataliwa, na ule wekundu wa mapajani utarudi. Aliingiza mkono mfukoni, akazitoa kopi zake nne, akazisukuma chini ya blanketi la mtoto.

Bi. Hruska aligeuka kidogo. Akauona ule mkono. Kisha akamgeukia Dale.

"Andika," alisema. Akaacha pampasi palepale, akatoka.

Kayleen alilipa. Kuponi zake mbili halali zilipita bila mlio.

Garini Bi. Hruska alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, gari halijawashwa. Kayleen alimfunga mtoto kwenye kiti chake pamoja na blanketi na karatasi zilizofichwa humo, akakaa nyuma naye.

"Ngapi?"

"Sita. Sikujua, Bi. Hruska, nakuapia. Nilidhani karatasi ni karatasi."

"Kule maktaba hukujua. Pale kaunta ulijua."

Kayleen aliinamisha kichwa. Machozi yalimdondokea Maisie mguuni, akayafuta kwa kidole gumba.

"Keshokutwa Ijumaa," Bi. Hruska alisema. "Wale watu wa ukumbini wanakuja. Na mimi nje ya duka hili sina pa kupata."

"Si ungemwambia tu? Umeniona."

"Nikikusema mimi, atakuona mwizi. Ukienda mwenyewe, labda atakusikiliza. Mtoto wa watu yule, si jiwe."

"Na wakiandika jina langu? Pampasi za Maisie nitapata wapi?"

"Huenda wakaandika. Sijui, mpenzi. Sitakudanganya."

Alishuka, akazunguka, akafungua mlango wa nyuma. Aliuvua mkasi shingoni akauweka mbali, akamfungua Maisie mikanda, akamlaza begani na kumfunika vizuri. Zile karatasi nne zilibaki juu ya kiti.

"Mtoto niachie, nipo naye hapa," alisema. "Naomba urudi ndani na hizo, umwambie Dale ulizitoa wapi."