Mshumaa wa Brigid nje ya dirisha

Jamani, leo mimi niliyelelewa kanisani nimemwashia mungu wa kike mshumaa kwenye theluji.

Ngojeni kwanza, msinitoe kwenye grupu la maombi.

Kuna mama mzungu ninayemhudumia nyumbani kwake mjini Anoka, huku ughaibuni. Yeye si Mkristo. Anaabudu miungu ya kale, na kipenzi chake ni Brigid, mungu wa moto. Miaka yote alimwashia mshumaa, na anasema alikuwa akimhisi kabisa pale chumbani, kama mgeni aliyekuja kumjulia hali.

Sasa yuko kwenye oksijeni. Moto ndani ya nyumba ni marufuku.

Asubuhi akanishika mkono. "Tangu tuache kuwasha mshumaa, haji tena. Nimemkosea nini?"

Nikavaa koti, nikatoka, nikausimamisha mshumaa kwenye theluji mbele ya dirisha lake. Upepo uliuzima mara kadhaa kabla haujashika. Yeye alikuwa akitazama kupitia kioo, midomo ikicheza.

Niliporudi ndani nikamuuliza, "Amekuja?"

Akatikisa kichwa. "Hapana. Lakini leo nimeweza kumwita."

Nilidhani mimi ndiye wa kumfariji. Nikajikuta nalia, glavu bado mikononi.

Maana tangu nihamie huku naimba kanisani kila Jumapili, na yule Mungu niliyekuwa nikimsikia jikoni kwa mama yangu sijamsikia bado.

Nyinyi mlio huku, Mungu wenu aliwafuata? Niambieni ukweli.