Kinachoanikwa ni Kahawa, Siyo Mzee

Nakumbuka siku ile wakwe walipokuja kwetu Kagoma kumposa mjukuu wangu Adventina, nami nimekaa mbele yao na kanzu yangu nyeupe, koo limekauka, naomba Mungu asitokee mtu wa kunichekesha. Mwanangu, mimi unanijua. Nikicheka, jirani wa kibanja cha pili, ng'ambo ya migomba yetu, huuliza kuna nini. Siku hiyo nilikaa kama napigwa picha ya kitambulisho.

Sababu ni hii. Miezi michache nyuma nilifanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi dume. Saratani ilitoka, Mungu ashukuriwe, lakini mpira wa mkojo ulipoondolewa nikakuta bomba halifungi vizuri. Nikikohoa, tone. Nikiinuka, tone. Nikicheka, ndiyo usiseme. Muuguzi alinifundisha mazoezi ya kubana misuli ile ya kukatiza mkojo, akanipa na pedi za wanaume. Pedi nikazitupa juu ya kabati, mazoezi nikayaona ya kitoto, nikajitungia dawa yangu: kutokunywa kitu. Mke wangu, Ma Jenerosa, akileta chai, nasema sina kiu.

Sasa kwetu wakwe huja na rubisi, pombe yetu ya ndizi, na mzee wa nyumba ndiye huionja kwanza. Asipoonja, amekataa posa, hata kama hajasema neno. Mimi kwa kuogopa tone nilikuwa nimelisahau hilo kabisa! Kibuyu kilipofika mbele yangu nikakisogeza pembeni kwa adabu.

"Asanteni, nimetosheka."

Adventina, aliyekuwa amepiga magoti karibu na bibi yake, akaanza kulia.

Msemaji wao, Ta Salvatori, mzee wa Rwamishenye, Bukoba, aliyenizidi umri, hakukasirika. Aliitazama midomo yangu iliyopasuka, akachukua mkoba wake, akaniomba nikamwonyeshe migomba yangu. Tukatoka wawili.

"Ta Felisiani, waitu, ndugu yangu, kijana wetu ana kasoro?"

"Hana."

"Basi ni tezi."

Akajipiga kofi makalioni, pakatoa mlio mzito.

"Nepi hiyo! Nimetoka nayo Bukoba kwenye basi. Nilipotoka kupasuliwa nilikuwa navuja kama wewe. Nikafanya mazoezi, sasa naivaa safarini tu. Na wewe unajinyima maji? Mkojo ukiwa mkali ndiyo unakuchokoza zaidi. Kinachoanikwa ni kahawa, bwana, siyo mzee!"

Nikacheka. Nilicheka kicheko cha miezi yote ile, nimeshika mgomba, na bila shaka nililowa. Naye akacheka mpaka akakaa chini, kisha akatoa nepi ya akiba mkobani akanipa. Nikabadilisha hapohapo, suruali nikaifukia kwenye majani makavu, kanzu ikasitiri mengine. Kesho yake Ma Jenerosa aliifukua, akacheka kuliko sisi wote.

Tuliporudi ndani niliomba maji kwanza, nikamaliza glasi nzima. Kisha nikainua kibuyu nikaonja rubisi, funda moja tu, maana pombe nayo huchokoza kibofu. Vigelegele vilivyopigwa nadhani vilifika ziwani. Adventina alicheka na machozi yakiwa bado shavuni, na mimi nikacheza ngoma na nepi yangu. Sijui kama nimewahi kufurahi vile.

Basi nisikilize, mwanangu. Ukimwona baba yako ametoka matibabu ya tezi na sasa anakwepa chai, haendi misa, hataki safari, usimwache na kiu yake. Kaa naye, muulize kwa upole. Mwambie anywe maji, abane ile misuli kila siku bila kukata tamaa, avae pedi bila haya, na arudi kwa daktari akaseme ukweli wote. Wengi hupata nafuu, ila haiji kwa wiki moja. Na zamu yako ikifika, usisubiri mpaka umlize mtoto wa watu.

Nenda salama. Mungu akupe maisha marefu, wakwe wachangamfu na suruali kavu. Na siku isipokuwa kavu, akupe mtu wa kucheka naye nyuma ya migomba.