Siku Niliyojifanya Kiwete Nipande Troli

Nawaambia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Somoe, maana yeye akiisimulia huipunguza makali, na mimi sitaki kupunguziwa: nilijifanya kiwete, mwanamke mzima, mke mkubwa, kwa wivu tu.

Somoe ni mke mwenzangu. Goti lake lilipigwa risasi wakati wa Maji Maji, akikimbia na mama yake kutoka Umatumbini, na tangu hapo mguu haukunjiki. Mume wetu, Mfaume, alikuwa msukuma troli kwenye shamba la mkonge la Mjerumani, lenye reli ndogo iliyoshuka mpaka Lindi mjini. Troli ilibeba mkonge, si watu. Basi Mfaume akamwendea msimamizi, akamwomba wasioweza kutembea wenyewe wapandishwe kila Ijumaa, akakubaliwa, akachonga ubao mpana wa kupandia na kiti cha chini chenye egemeo (egemeo, jamani, na mimi nyumbani miaka kumi na miwili nakalia mbuzi ya kukunia nazi). Somoe akawa anapita kama bibi harusi, pembeni yake Mzee Bakari, kipofu, akienda msikitini, na mimi nyuma kwa miguu, kapu la mihogo kichwani, namsikia Mfaume akimuuliza kila hatua, "Umekaa vizuri?"

Ijumaa moja nikafunga kifundo cha mguu kwa kitambaa, nikakipaka manjano kionekane kina dawa, nikachechemea hadi kwenye troli.

"Umefanyaje, Mama Zainabu?" Mfaume akauliza.

"Nimejikwaa."

Akanitazama kidogo, akanishika mkono, akanipandisha. Somoe, aliyekwisha kaa na Mzee Bakari, akasogea. "Kaa wewe kitini, dada," akasema, "mimi mguu wangu nimeshauzoea." Nikakaa. Tulipowapita wenzangu njiani, sikuwasalimu.

Kwenye mteremko wa kuingia mjini, wasukumaji huishusha troli wakiishikilia kwa kamba kutoka nyuma. Siku ile kamba ikakatika. Troli ikashika kasi, Mfaume anakimbia nyuma, "Vuteni breki, vuteni breki," na breki yenyewe, mti mrefu tu, ilikuwa karibu na mkono wangu kuliko wa mtu yeyote. Wallahi sikuifikiria. Niliruka, nikaanguka mchangani, nikainuka nikatimua mbio kuelekea sokoni, kitambaa kinaburuzika nyuma yangu kama mkia.

Nilipofika, troli imeshasimama mbele ya watu wote wa soko. Somoe amelala juu ya breki, viganja vimechubuka vinatoka damu. Mzee Bakari anapapasa hewani.

"Mama Zainabu yuko wapi?" akauliza kwa sauti. "Mtazameni, yule ana mguu mbovu, asije akawa ameumia."

Soko zima likanigeukia, nimesimama wima kwa miguu miwili, nahema.

"Dada alikimbilia kutuitia watu," Somoe akasema. Hakuna aliyeamini, lakini hakuna aliyembishia.

Mfaume akafika, akainama, akanifungua kile kitambaa taratibu. "Kiti ungeniambia," akasema, "ningekuchongea."

Tangu siku hiyo nakwenda mjini kwa miguu yangu, na nimeapa sitakaa tena mahali pa asiyeweza kutembea. Wivu sikuuapia. Hata ule uongo wa Somoe wa kunisitiri niliuonea wivu, kwa kuwa najua mimi nisingemsitiri hivyo.