Jina Lililoandikwa Baba Hayupo

Consolate alijifungua binti mjini Uvira mwezi wa pili, mume wake Niyongabo akiwa ziwani. Wote wawili ni Warundi waliovuka mpaka, na huo ulikuwa mwaka wa nne tangu wapange chumba Kalundu, karibu na bandari. Niyongabo alikuwa fundi wa mashine kwenye boti za mizigo. Consolate alishona sare za shule. Majirani walimletea uji, wakambeba mtoto, lakini baada ya wiki mbili kila mmoja alirudi kwenye shughuli zake. Kirundi akabaki kukizungumza na kichanga tu.

Mtoto hakuwa na jina. Kwao baba ndiye hulitoa, na kabla ya kuondoka Niyongabo alisema, "Ningoje nirudi. Nataka nilifikirie vizuri." Kisha mashine ya boti ikafa upande wa Moba, mbali kusini mwa ziwa, na simu yake ikawa haipatikani.

Konsula wa nchi yao asingemwandika mtoto kuwa raia bila cheti cha kuzaliwa cha mji alikozaliwa. Cheti hicho hakina taabu ndani ya siku tisini. Zikipita, ni mambo ya tribinali, kwenda mbele ya hakimu. Siku ya themanini na nane Consolate alimfunga binti yake mgongoni, akapiga namba ya mumewe mara tatu njiani, akaingia ofisi ya mji inayoandikisha watoto.

Karani, mzee mwenye miwani, alipokea karatasi ya maternite, wodi alikojifungulia.

"Baba yake iko wapi, mama?"

"Iko mu safari, papa. Ni muntu wa boti."

"Na mutoto anaitwa nani?"

Consolate aligeuza kichwa. Kwenye benchi nyuma yake wanawake walikuwa wamekaa na waume zao, wengine na mama wakwe.

"Mama, jina."

"Akimana," alisema. Maana yake ni wa Mungu. Kwa miezi mitatu hakuwa ameona mwingine wa kumtaja.

Wiki iliyofuata alipeleka cheti kwa konsula. Mwanamke aliyemhudumia aligonga muhuri, akamwambia kwa Kirundi, "Hongera, dada. Sasa ni mwenzetu." Consolate akaangua kilio. Yule mwanamke akashtuka, akaichukua tena karatasi aone amekosea herufi gani.

Niyongabo alipiga simu siku chache baadaye, kutoka bandari ya Kalemie.

"Nimemwandikisha," Consolate alimwambia. "Siku zilikuwa zinaisha."

"Umemwita nani?"

"Akimana."

Kelele za wapagazi zikafifia; alikuwa anasogea pembeni.

"Mimi nilikuwa namwita Irambona," alisema, yaani Mungu ananiona. "Tangu Moba. Kila asubuhi nilikuwa najiuliza, Irambona ameamkaje."

"Nirudi nikaulize kama linabadilishwa?"

"Hapana. Liache. Ni jina zuri."

Alirudi mwezi wa sita, amekonda, na kitenge cha zawadi. Mbele ya watu alimwita binti yake Akimana, kama wote. Lakini asubuhi moja Consolate, akitoka kuchota maji, alimsikia nyuma ya pazia akimbembeleza mtoto kwa lile jina lingine, taratibu, mara nyingi. Aliweka bidoni ya maji chini, akakaa kizingitini mpaka sauti ikanyamaza.